Pikipiki Inayochemka na Kuzima

Iko pikipiki inayomdanganya mwenyewe. Asubuhi inawaka kwa kiki moja. Inapanda mlima bila shida. Ikifika saa tano, baada ya safari mbili tatu, unasimama kumshusha abiria. Injini inanguruma kidogo, inatetemeka, halafu inazima. Unapiga kiki, haiwaki. Injini ni ya moto hata mguu unaungua ndani ya suruali. Unaisukuma mpaka kivulini, unakaa nusu saa. Ukipiga kiki tena, inawaka kama vile haikuwa na neno.

Nataka tuzungumze juu ya pikipiki ya namna hiyo. Mimi ni fundi wa baiskeli na pikipiki katika kijiji kimoja upande wa Matombo, kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, Mkoa wa Morogoro. Huku kwetu barabara ni za mlima. Pikipiki inapakia mikungu ya ndizi, inapakia saruji, inapakia wagonjwa. Kwa hiyo ugonjwa huu tunaujua sana.

Mwaka jana mpwa wangu alinijia na pikipiki yenye ugonjwa huo. Pikipiki haikuwa yake. Ilikuwa ya mtu wa mjini, naye alikuwa akiiendesha kwa mkataba. Kila siku alipeleka hesabu ya shilingi 8,000. Mkataba ulisema kwamba miezi kumi na minne ikiisha, pikipiki itakuwa yake. Matengenezo yote ni juu yake. Akikosa hesabu siku saba, pikipiki inarudi kwa mwenyewe, na fedha zote alizokwisha kulipa zimekwenda. Alikuwa amebakiza miezi mitatu tu.

Alikuwa amekwenda kwa fundi mmoja wa mjini mara tatu. Mara ya kwanza fundi alikaza skrubu ya silensa, ili injini ingurume kwa nguvu isizime. Mara ya pili alisikia tapeti zinalia, akazibana mpaka zikanyamaza. Mara ya tatu alisema pistoni imekwisha, silinda ichongwe, ziletwe shilingi 180,000.

Wakati anatafuta fedha hizo aliitwa usiku kumpeleka mama mjamzito kwenye kituo cha afya. Walipofika darajani alipunguza mwendo. Pikipiki ikazima, ikakataa kuwaka. Yule mama alitembea njia iliyobaki, ameshikwa mkono na mama mkwe wake, kijana akiwamulikia njia kwa tochi ya simu. Alijifungua salama. Lakini kesho yake watu walikwisha kuanza kusema kwamba pikipiki ya kijana huyu si ya kupanda usiku.

Akaja kwangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Pikipiki inatoa moshi?"

"Hapana, mjomba."

"Inakula oili?"

"Haipungui."

Hapo nilianza kuwa na shaka na habari ya pistoni. Pistoni na ringi zikiisha, oili hupita ikaingia mahali pa kuungulia petroli. Utaona moshi wa rangi ya buluu nyuma, na oili itapungua. Tena injini itakosa nguvu hata asubuhi, ikiwa baridi. Hii asubuhi ilikuwa na nguvu zake zote. Nikamwambia asitoe shilingi 180,000 kwanza.

Kabla sijakueleza tulivyofanya, tuelewane kidogo juu ya kazi ya injini. Pikipiki nyingi za vijijini zina silinda moja, na injini ni ya mipigo minne. Katika mpigo wa kwanza pistoni inashuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Katika mpigo wa pili inapanda na kuibana. Plagi inatoa cheche, mchanganyiko unawaka, na pistoni inasukumwa chini kwa nguvu. Huo ni wa tatu. Katika mpigo wa nne pistoni inapanda tena na kutoa moshi. Milango ya kuingilia na kutokea inaitwa valvu, nayo iko miwili. Wakati wa kubana na wakati wa kuwaka, milango yote miwili lazima ifungwe kabisa.

Injini hizi nyingi hazipozwi kwa maji. Zinapozwa kwa upepo. Ndiyo sababu silinda ina mapezi ya chuma kama ya samaki. Ukitembea, upepo unapita kwenye mapezi na kuchukua joto. Ukisimama huku injini inawaka, upepo haupo. Basi kama kuna kitu kinachoongeza joto, utakijua ukiwa umesimama, injini ikiwa kwenye silensa, yaani ikinguruma pole pole bila wewe kuvuta mafuta. Kwa injini nyingi hizi silensa ni mizunguko kama 1,200 hadi 1,500 kwa dakika. Hapo nguvu ni ndogo sana. Kasoro ambayo haionekani ukiwa mwendoni, hapo inatosha kuizima.

Sasa unaona kwa nini sipendi dawa ya kukaza skrubu ya silensa. Ni kama mtu mwenye homa kuambiwa atembee upesi zaidi. Injini haitazima kwa siku mbili, lakini itazunguka kwa nguvu hata ikiwa imesimama, itakula petroli na itazidi kuchemka.

Tulianza na mambo ya nje, ambayo hayana gharama. Mapezi yalikuwa yamejaa tope lililokauka. Tope ni kama blanketi. Tuliliondoa kwa kijiti na brashi, injini ikiwa imepoa. Usimwagie maji injini ya moto. Kisha tuliisimamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, tukazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Lilikuwa zito, breki ilikuwa inashika kidogo kidogo. Breki ya namna hiyo ni mzigo ambao hauonekani, na injini huuvuta mchana kutwa. Tuliilegeza. Cheni ilikuwa sawa. Oili tuliipima pikipiki ikiwa wima. Ilikuwa imefika kwenye alama na haikuwa nyeusi sana. Injini ya namna hii hubeba kama lita moja tu ya oili. Ikipungua robo lita, hiyo si kidogo.

Tulifungua pia mfuniko wa tangi la petroli. Mfuniko una tundu dogo la kupitisha hewa. Likiziba, petroli haishuki vizuri. Ukifungua utasikia hewa ikiingia kwa sauti, na pikipiki itawaka. Kwa mpwa wangu halikuwa limeziba. Choki nayo ilikuwa imerudishwa. Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaoiacha wazi nusu tangu asubuhi, halafu wanatafuta mchawi.

Nikamwuliza petroli ananunua wapi. Akasema siku nyingine ananunua ya chupa, kando ya njia. Petroli ya chupa ina hatari yake. Ikichanganywa na mafuta ya taa huwaka vibaya, injini inagonga na kuchemka. Uchakachuaji huo ulienea nchini hata EWURA ikaanza mwaka 2010 kutia alama maalum kwenye mafuta, ili yaliyochanganywa yaweze kutambuliwa. Lakini chupa ya kando ya njia hujui nani aliifungua na nani aliiongezea. Tulimwaga iliyokuwemo, tukaweka nyingine ya kituo. Ugonjwa ulibaki vile vile.

Basi tukatoa plagi. Ndugu msomaji, plagi ni barua ambayo injini inakuandikia. Ncha yake ikiwa na rangi ya kahawia nyepesi, kuungua ni kuzuri. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli ni nyingi kuliko hewa. Ikiwa imelowa oili, ringi au valvu zinapitisha oili. Ikiwa nyeupe kama majivu, kuna joto kupita kiasi, na mara nyingi hewa ni nyingi kuliko petroli. Ya mpwa wangu ilikuwa nyeupe.

Petroli inahitaji hewa nyingi sana ili iungue. Kilo moja ya petroli inataka karibu kilo 15 za hewa. Kazi ya kabureta ni kupima mambo hayo mawili. Hewa ikiingia kwa njia ya wizi, baada ya kabureta, kipimo kinaharibika. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inachemka, na kwenye silensa inayumba: mara juu, mara chini, mara imezima. Dalili nyingine ni kwamba ukiachia mafuta, injini inachelewa kushuka.

Mahali pa wizi mara nyingi ni shingo inayounganisha kabureta na injini. Ina mpira na vibano. Mpira hupasuka kwa joto na kwa miaka. Kuupima ni rahisi. Washa injini, iache kwenye silensa. Chovya brashi ndogo ndani ya maji, kisha dondoshea matone machache kwenye mpira na viungo vyake. Usimwagie silinda. Kama kuna ufa, maji yatauziba kwa muda na mlio utabadilika hapo hapo. Wako mafundi wanaopima kwa kunyunyiza petroli. Usifanye hivyo. Petroli juu ya injini ya moto ni kuchoma pikipiki, na pengine kibanda pamoja na fundi mwenyewe.

Tulipodondoshea maji upande wa chini wa mpira, mlio ulibadilika. Tukaufungua. Ulikuwa na ufa mdogo kama urefu wa ukucha, na usingeuona kutoka juu. Tulinunua mpira mpya kwa fedha kidogo. Wakati kabureta iko mkononi tulitoa jeti ndogo, ile inayopitisha petroli ya silensa. Tundu lake ni jembamba kama unywele mnene, na punje moja ya uchafu inalitosha. Pikipiki inayokwenda vizuri kwa mwendo lakini haina silensa kabisa, hata ikiwa baridi, mara nyingi ugonjwa wake uko hapo. Safisha kwa petroli safi na upepo wa pampu. Usichokonoe kwa waya wa chuma. Tundu likipanuka, halirudi.

Kijana alifurahi. Silensa ilitulia, akaenda zake. Kesho yake saa nane mchana alirudi akiisukuma.

"Mjomba, imezima tena."

Joto lilikuwa limepungua, lakini ugonjwa wa kuzima ulikuwepo. Wengi hukata tamaa hapa. Husema fundi huyu naye hajui. Lakini injini moja yaweza kuwa na magonjwa mawili, tena la kwanza likilificha la pili. Safari hii nilifurahi kwamba aliileta ikiwa moto, maana ugonjwa wa joto hupimwa kwenye joto.

Nilianza na umeme. Koili ya plagi huweza kufanya kazi ikiwa baridi na kukataa ikipata moto. Nilitoa plagi, nikaivalisha kofia yake, nikaigusisha kwenye chuma cha injini kwa koleo lenye mpira, mbali na tangi na mbali na tundu la plagi. Kijana akapiga kiki. Cheche ilikuwa ya buluu, yenye nguvu. Umeme haukuwa na kosa.

Nikarudisha plagi, nikakanyaga kiki kwa mkono, pole pole. Ndugu msomaji, jaribu hili kwenye pikipiki nzima. Utasikia kiki ikikataa mahali fulani, kama inakusukuma. Ni hewa inayobanwa. Ya mpwa wangu asubuhi ilikuwa ikikataa hivyo. Sasa, ikiwa moto, ilishuka laini kama kukanyaga matope. Nikatia matone machache ya oili kwenye tundu la plagi, nikakanyaga tena. Kama kosa lingekuwa la ringi, oili ingeziba kwa muda na kiki ingekaza. Haikukaza. Kwa hiyo hewa haikuwa ikitokea chini kwenye ringi. Ilikuwa ikitokea juu, kwenye valvu. Pistoni ile ya shilingi 180,000 haikuwa na kosa lo lote.

Nikamkumbusha ile siku tapeti zilipobanwa zikanyamaza.

Tapeti ni mahali ambapo roka inagusa mkia wa valvu ili kuisukuma ifunguke. Kati ya roka na mkia huo lazima pawe na nafasi ndogo. Kitabu cha pikipiki ya mpwa wangu kilisema milimita 0.08, injini ikiwa baridi. Huo ni karibu unene wa karatasi moja ya daftari. Nafasi hiyo ina sababu. Chuma kikipata moto kinarefuka, na valvu ya kutolea moshi ndiyo inayopata moto kuliko zote. Usipoiachia nafasi, ikirefuka itagota kwenye roka na haitaweza kufunga. Mlango unabaki wazi kidogo. Injini inapoteza nguvu ya kubana, na kwenye silensa inazima. Ikipoa, valvu inarudi urefu wake, mlango unafunga, pikipiki inawaka. Ndiyo ile nusu saa ya kivulini.

Kuna na baya zaidi. Valvu hupoza uso wake kwa kukaa kwenye kiti chake, pale inapofunga. Isipokaa sawasawa inazidi kuwa ya moto, na mwisho ukingo wake unaungua. Hapo tena hutahitaji spana. Utahitaji valvu mpya.

Watu wengi hupenda injini iliyonyamaza, na ndiyo maana tapeti zinabanwa. Mimi napenda nisikie tapeti zikilia kidogo, tik tik tik, kama cherehani. Tapeti zikilia sana ni kosa. Lakini zenye kelele kidogo zinakupa taarifa, na zilizobanwa zinaua kimya kimya. Kampuni ya Honda ilipotoa pikipiki yake ya CG125 mwaka 1976, iliikusudia kwa nchi ambazo kazi ni ngumu na matengenezo ni haba. Iliiundia injini ya kuvumilia mengi. Hata hivyo tapeti zilibaki za kurekebishwa kwa spana na mkono wa mtu. Ya mpwa wangu si ya aina hiyo, lakini hurekebishwa vivyo hivyo.

Tuliiacha ilale usiku kucha, ipoe kabisa. Alfajiri tulitoa plagi na vifuniko vya tapeti. Tulizungusha injini taratibu kwa spana mpaka alama ya T ilipolingana na alama ya kwenye dirisha. Hapa uwe mwangalifu. Pistoni hufika juu mara mbili, mara moja ikibana na mara moja ikitoa moshi. Unaitaka ile ya kubana. Utaijua kwa sababu valvu zote mbili zimefunga, na kwa kawaida roka zote mbili zitachezacheza ukizishika. Kama hujui, zungusha mara moja zaidi uangalie tena.

Hapo unahitaji kipimo cha visahani vyembamba vya chuma, ambacho mafundi hukiita fila. Kila kisahani kimechongwa namba yake. Mpwa wangu alisoma mwenyewe: 0.05, 0.08, 0.10. Nikampa cha 0.08 akipitishe kwenye valvu ya kuingizia. Kilipita kwa shida. Akakijaribu kwenye valvu ya kutolea moshi. Kilikataa. Akachukua cha 0.05, chembamba kuliko vyote tulivyokuwa navyo. Nacho kilikataa.

Tulilegeza nati, tukazungusha skrubu kidogo mpaka cha 0.08 kikapita kwa kukwaruza, kama unavyochomoa karatasi iliyolaliwa na kitabu. Ukikaza nati, skrubu hupenda kuzunguka nayo. Kwa hiyo ishike kwa bisibisi, na ukimaliza pima tena. Sisi tulipima mara tatu.

Injini iliwaka ikinguruma kwa nguvu mno, kwa sababu skrubu ya silensa ilikuwa bado imekazwa tangu mara ya kwanza. Tuliilegeza ikiwa moto, mpaka mlio ukatulia. Kijana alipakia mikungu minne, akapanda mlima, akashuka, akasimama mlangoni kwangu bila kuizima. Nilimwambia asiguse kitu. Tulikunywa chai yote huku inawaka. Niliweka mkono karibu na mapezi. Ilikuwa na joto, kama ilivyo kawaida, lakini halikuwa la kutisha. Kiki ilikataa pale pale ilipotakiwa kukataa.

Nilimwambia anunue daftari dogo. Analiweka chini ya kiti ndani ya mfuko wa nailoni. Kila anapofungua injini anaandika tarehe, kilomita zinazosomeka kwenye saa, rangi ya plagi, nafasi ya tapeti zote mbili na siku aliyobadilisha oili. Mkataba ulikwisha akiwa hajakosa hesabu siku saba, na kadi ya pikipiki sasa ina jina lake. Juzi nilipitia daftari hilo. Valvu ya kutolea moshi ilikuwa imeanza kujibana tena, imefika kama 0.06. Aliirudisha 0.08 yeye mwenyewe, kabla haijamzimia njiani.